Siku Niliyoweka Ruleman za Pompe Juu Chini

Juma lililopita Beatrisi, binti wa jirani yangu, aliniletea ruleman iliyokufa. Aliifunga kwenye mfuko wa plastiki, mafundo mawili, akaja nayo kwa pikipiki kutoka kiwandani kwao wanakosafisha shaba. Kwa ninyi mnaosoma mkiwa mbali na Kolwezi, ruleman ndiyo beringi: pete mbili za chuma, moja ndani ya nyingine, na gololi zinazunguka katikati. Alisema ilipaswa kufanya kazi mwaka mzima, imekufa kwa wiki tatu, na shefu wake anadai wameuziwa ya bandia. Nikavaa miwani, nikaigeuza mara moja mkononi. Hajakaa hata vizuri kwenye kiti nikamwambia, "Mama, ruleman haina kosa. Muliitia juu chini."

Alinitazama kana kwamba nina uganga. Akaapa kwamba aliiweka yeye mwenyewe, kwa mikono yake, na namba ilikuwa juu, inasomeka vizuri kabisa. Hapo nikacheka mpaka mke wangu akatoka jikoni kuuliza kuna nini. Sikuwa namcheka Beatrisi, jamani. Namba juu, inasomeka vizuri: maneno hayo niliyasema mimi, zaidi ya miaka thelathini iliyopita, siku niliyokaribia kumzamisha shemeki wangu Mutombo, mume wa dada yangu, pamoja na wenzake sita, chini ya ardhi. Kwa kuwa hakufa, leo naweza kucheka. Nitawaeleza yote, ninyi mnaoshika spana siku hizi, hata yale niliyokuwa nikiyaruka kila nikisimulia.

Ila kwanza mvumilie somo kidogo. Najua hampendi masomo, mnaona mzee atawamalizia bando bure. Kaeni.

Ruleman ya kawaida, ile ya feni na ya baiskeli, gololi zake zinakaa katikati ya njia yake. Inabeba uzito unaoikandamiza kutoka juu, basi. Lakini kuna mashine ambazo mhimili wake haubebi uzito tu, unasukumwa pia kwa urefu, mbele au nyuma. Pompe ni hivyo: inasukuma maji yapande, na maji nayo yanausukuma mhimili urudi. Hapo unahitaji ruleman ya mshazari. Sisi kwenye atelye, karakana yetu ya mgodini, tulisema oblike. Gololi zake hazikai katikati, zimeegemea. Pete ya nje ina bega nene upande mmoja, na upande wa pili bega jembamba, karibu halipo. Mhimili ukisukuma kuelekea bega nene, ruleman inabeba mzigo mkubwa bila kulalamika. Ukisukuma upande wa pili, gololi zinapanda kwenye ule ukingo mwembamba na zinaanza kujila zenyewe. Siri yote iko hapo, na haihitaji shule kubwa.

Aliyenifundisha alikuwa Tata Ilunga, shefu wa atelye yetu, mtu wa kaskazini ya Katanga, Mprotestanti asiyekunywa wala kuvuta, lakini alikuwa anatukana vyuma. Vyuma tu. Watu hakuwatukana kamwe, na boliti iliyokwama ilisikia mambo ambayo siwezi kuyaandika hapa. Yeye hakuamini ubao wala chaki. Siku moja aliniita mimi na fundi mwenzangu Kazadi, mtu mnene, akatusimamisha mgongo kwa mgongo katikati ya atelye, miguu tumeitanua. Akanisukuma begani. Sikutikisika. Akasema hizo ndizo ruleman mbili za mshazari zilizowekwa mgongo kwa mgongo, vitabuni wanaandika herufi O, na unaziweka pale ambapo mhimili unabeba kitu kizito kwenye ncha na hutaki ucheze hata kidogo: mashine ya kuchongea vyuma, pompe ya kulala, mahali pa namna hiyo.

Kisha akatugeuza uso kwa uso, paji kwa paji, miguu karibu. Akanisukuma, nikayumba, Kazadi akayumba pamoja nami, na vitunguu alivyokuwa amekula navikumbuka mpaka leo. Hiyo ni X. Haikazi sana lakini inasamehe. Nyumba ya ruleman ikiwa imepinda kidogo, X itavumilia mahali ambapo O itavunjika. Mwisho akatupanga mmoja nyuma ya mwingine, wote tukitazama ukuta, akatuamuru tuusukume. Hiyo ni tandemu. Nguvu za wawili zinajumlishwa, lakini kwa upande mmoja peke yake. Halafu akapita mbele yetu, akanisukuma kifuani bila kutuonya, tukaanguka chali wote wawili, mimi juu ya tumbo la Kazadi. Atelye nzima iliacha kazi kutucheka. Nawaambia kweli, tangu siku hiyo sijawahi kuchanganya ipi ni ipi.

Mtakutana na nyingine. Kuna yenye safu mbili za gololi ndani ya pete moja, ndugu wawili wa mgongo kwa mgongo waliozaliwa pamoja. Inafaa penye nafasi ndogo, kwenye magurudumu ya magari na sanduku za gia ndogo. Kuna inayogusa gololi sehemu nne, ambayo peke yake inabeba msukumo wa kwenda na wa kurudi. Hata zile mashine kubwa za kuchimbia, zinapozunguka juu ya minyororo yake, nyingi zimekaa juu ya pete kubwa ya jamii hiyo. Na mshazari wenyewe una vipimo. Mshazari mdogo, digri kumi na tano hivi, ni wa mashine zinazokwenda mbio. Mshazari mkubwa, arobaini, ni wa kubeba msukumo, na ndio wa pompe zetu. Herufi iliyo baada ya namba ndiyo inayokwambia. Mkiagiza ruleman kwa simu mkasahau herufi hiyo, mtaletewa kitu kinachoingia vizuri mahali pake na kufa mapema, halafu mtamlaumu muuzaji.

Na msizigonge. Mwaka wangu wa kwanza niligonga ruleman kwa nyundo kwenye pete ya nje ili pete ya ndani iingie kwenye mhimili. Ikaingia, nikafurahi. Tata Ilunga aliitoa, akanipa, akaniambia niizungushe karibu na sikio. Ilikuwa inasema tik, tik, tik: nguvu ya nyundo ilipita kwenye gololi na kuchimba vishimo kwenye njia yake. Akaniamuru niitembeze mfukoni mwezi mzima. Nilikuwa nakwenda misa nayo. Kila nikipiga magoti ilinichoma paja, na baada ya hapo nilijua kwamba pete inayokaza ndiyo inayosukumwa, si nyingine.

Siku hizi mna mashine ya umeme inayopasha ruleman moto dakika tatu, inateleza kwenye mhimili yenyewe. Nawaonea wivu. Sisi tulichemsha mafuta kwenye pipa lililokatwa, juu ya makaa, na tulinuka hivyo mpaka kitandani. Mna kifaa kinachobandikwa kwenye pompe na kupeleka homa yake kwenye kompyuta. Sisi tulishikilia turnevisi, yaani bisibisi, ncha kwenye nyumba ya ruleman, mpini sikioni, tukasikiliza. Nasema hivi bila kununa. Kifaa chenu ni kizuri, ila hakijui mliiweka upande gani. Hilo bado ni la mtu.

Sasa nije kwenye sheria iliyoniponza. Chini ya ardhi mwanga ni taa ya kichwani, maji yanadondoka shingoni, na ukifungua kifuniko cha pompe unataka kujua haraka ni ruleman gani ya kumwagiza mwenye stoo kwa simu. Kwa hiyo Tata Ilunga aliweka sheria: namba iangalie mutu. Ukiweka ruleman yoyote, upande ulioandikwa namba uelekee kule fundi atakakofungulia. Ilikuwa sheria nzuri. Ilituokolea masaa mengi. Tena ilikuwa nzuri maradufu kwa pompe yetu ya chini, kwa sababu ruleman za mshazari tulizopokea miaka yote zilikuwa na namba kwenye upande mwembamba. Ukiiweka namba juu, bega nene linakaa chini, pale hasa linapotakiwa kubeba. Tulikuwa tunaweka sawa bila kufikiri. Na mtu anayeweka sawa bila kufikiri, miaka ikipita, anasahau kwamba kuna kitu cha kufikiria.

Pompe yenyewe ilikuwa ya kusimama. Mota juu, mhimili mrefu unashuka kwenye shimo la maji, na uzito wote wa mhimili pamoja na msukumo wa maji unavuta kwenda chini. Ilikaa juu ya ruleman mbili za mshazari, tandemu, zote mbili zikisukuma ukuta uleule. Kazi yake ilikuwa kukausha sehemu ya chini kabisa ya mgodi, na huko ndiko alikokuwa anachimba Mutombo na kikosi chake. Njia yao ya kutokea ilikuwa na mahali inapoteremka halafu inapanda tena, na pale palijaa kwanza. Pompe ikisimama wakati wa mvua, nusu saa haiishi maji yamegusa dari ya pale. Zamani kulikuwa na pompe mbili, ila ya pili ilikuwa imefunguliwa, mhimili wake uko kwa mchonga vyuma. Tulibaki na moja, na ilikuwa mwezi wa pili, mvua ya Kolwezi mnaijua.

Asubuhi hiyo niliteremka kabla ya posti ya kwanza, yaani zamu ya asubuhi, kubadilisha ruleman, zilikuwa zimechoka. Stoo walikuwa wamenipa sanduku jipya la ruleman nne, za kiwanda kingine, namba ile ile, herufi ile ile, zinang'aa mpaka unajiona. Nikapasha mafuta, nikateremsha ya kwanza, namba juu. Nikateremsha ya pili, namba juu. Nikafunga. Tukawasha, ikazunguka kimya, tamu. Mutombo alikuwa anapita na wenzake kwenda chini, akanipiga kofi mgongoni, akasema dada yangu amempikia sombe, kisamvu chetu, siku hiyo na mimi sitaonja. Nikamtukana kidogo, kama ilivyo desturi ya mashemeki. Nikapanda juu nimeridhika.

Saa tatu nilikuwa atelye, mkate mkononi, kikombe cha chai mezani. Ruleman mbili zilizobaki zilikuwa sandukuni mbele yangu. Nikachukua moja kumwonyesha Kazadi jinsi ilivyo nzuri. Huwa nina tabia, ruleman ikiwa mkononi, nashika pete ya nje na kusukuma ya ndani kwa dole gumba, huku na huku. Upande mmoja inakataa, upande wa pili inalegea kidogo. Nikasukuma kutoka upande wa namba. Ikalegea. Nikaigeuza, nikasukuma kutoka upande wa pili. Ikakataa. Nikaitazama vizuri: kiwanda hiki kipya kiliandika namba yake kwenye bega nene.

Namba juu, bega nene juu. Chini, kule kunakobeba uzito wote, nilikuwa nimeweka ukingo mwembamba, mara mbili, tena tandemu, kwa hiyo hakuna hata moja ya kumsaidia mwenzake.

Sasa nitawaambia kile nilichokuwa nikikiruka. Sikukimbia. Nilikaa. Nilikunywa chai yangu karibu nusu kikombe nikipiga mahesabu ya uongo. Pompe inazunguka kimya. Posti yao inatoka saa nane. Ni masaa matano tu. Labda itashika. Wakitoka nitashuka peke yangu, nitageuza ruleman, hakuna atakayejua. Kazadi alikuwa anaongea kuhusu mpira na mimi naitikia. Mwezi ule walikuwa wamenitaja kuwa shefu wa kikosi cha pompe, na mke wangu alikwisha kuwaambia majirani. Nilifikiria aibu hiyo wazi kabisa, nikaona nyuso za watu. Halafu nikamfikiria dada yangu nikienda kumwambia, nikisimama pale uani kwake, nikitafuta neno la kwanza. Sikulipata. Nikaacha chai, nikamwambia Kazadi nilichofanya, nikatoka mbio.

Shefu wa posti alikuwa kwenye kibanda chake karibu na kaji, lile sanduku la chuma linaloteremsha watu. Alikuwa mtu mzima, mpole, asiyependa kusimamisha kazi. Nilikuwa nahema kwa mbio.

"Shefu, toa batu ya chini. Bote."

"Pompe imekufa?"

"Hapana. Iko inazunguka."

"Sasa juu ya nini?"

"Juu niliitia mubaya. Ni mi. Ruleman ziko juu chini, haitafika saa nane."

Alinitazama usoni kujua kama nimelewa. Kisha akazungusha simu ya chini, akamwambia mlinzi wa pompe aweke mkono juu ya nyumba ya ruleman. Tulingoja. Jibu lilikuwa kwamba ina moto, lakini mkono unavumilia. Asubuhi niliiacha baridi. Shefu wa posti akasema kwenye simu watu wote watoke, waache vyombo, wasikimbie pale penye mteremko kwa kuwa panateleza. Akaweka simu chini. Hakunigombeza, na nilitamani anigombeze.

Kwenye ukuta wa kibanda kulikuwa na ubao wa jetoni. Kila anayeshuka anatundika kibati chake cha shaba chenye namba, akitoka anakichukua. Jetoni saba za kikosi cha Mutombo zilikuwa zinaning'inia, mbali na ya mlinzi wa pompe. Nilisimama mbele ya ubao huo, sikuweza kusimama mahali pengine. Kaji ikapanda na watu wanne, wamelowa, wanauliza kuna nini. Wakachukua jetoni zao. Ikashuka, ikapanda na wawili. Ya kikosi ikabaki moja, na nilijua namba yake kabla ya kuisoma.

Niliuliza Mutombo yuko wapi. Hao wawili walisema alikuwa nyuma yao, walipofika kwenye kaji wakaona hayupo. Simu ya chini ililia: mlinzi wa pompe anasema kuna sauti sasa, inasaga, na maji ya shimoni yameanza kupanda. Shefu wa posti akauliza asimamishe au aache. Wote wakanitazama mimi. Nikasema aache, aache hata ikijitafuna yote, mpaka shemeki apite. Hiyo ndiyo amri ya kwanza niliyotoa kwenye kazi ya ushefu ambayo nilijua sitaipata tena.

Wakati huo Tata Ilunga alifika, Kazadi alikuwa amemwambia. Alikuja na moja ya zile ruleman mbili zilizobaki mkononi, anaisukuma kwa dole gumba huku na huku. Nilianza kujieleza, akanikata. "Ile sheria ya namba njo yangu," akasema. "Kwa raporo utaandika majina mbili. Ya kwanza andika yangu." Kisha akasimama kando yangu kutazama jetoni ile moja. Alikuwa anasali kwa sauti ya chini, na katikati ya sala alikuwa anaitukana pompe.

Kengele ya kaji ililia. Kamba ikaanza kupanda, polepole kuliko ilivyowahi kupanda. Mlango ukafunguliwa, akatoka Mutombo, maji mpaka kiunoni, taa ya kichwani imepinda, na mikononi ameshika sufuria ya dada yangu, kifuniko kimefungwa kwa kitambaa. Alikuwa ameirudia. Watu wametolewa wasife, yeye amerudi kuchukua sombe.

Nilikaa chini, pale pale kwenye tope, nikalia. Sioni aibu kuwaambia. Nililia na kucheka pamoja, watu wazima wakinitazama, na sikumbuki siku nyingine ambayo mwili wangu ulikuwa mwepesi namna ile. Mutombo aliuliza nimepatwa na nini. Nikamwambia, kwa kirefu na bila mpangilio, kwamba ni mimi, niliweka ruleman vibaya, nilikaa nikanywa chai wakati yeye yuko chini. Alisikiliza mpaka mwisho. Akaniuliza kama kikombe nilikimaliza. Nikasema nusu. Akasema basi ni nusu dhambi, akafungua sufuria akanikatia bukari, yaani ugali wa kulia sombe ile.

Pompe ilisimamishwa, maji yakapanda yakafunga njia yao. Tulishuka watatu mpaka chumba cha pompe, ambacho kiko juu zaidi, Tata Ilunga, mimi na Mutombo, ambaye hakuna aliyemwomba kuja. Alinishikia taa. Nilipofungua, mhimili ulikuwa umeshuka upana wa ukucha, na ule ukingo mwembamba umetafunwa wote, gololi zina rangi ya bluu kwa moto. Tata Ilunga aliziangalia akasema zilibakiza saa moja, pengine pungufu. Mutombo alinyoosha mkono, akaniomba ruleman mpya kabla sijaipasha moto, akasukuma kwa dole gumba lake, huku na huku, mpaka akasikia mwenyewe wapi inakataa. Akaniuliza kama upande huu unaokataa ndio wa chini. Nikamwambia ndiyo, bega nene chini. Akanirudishia.

Tangu siku ile atelye yetu haikuwa na sheria ya namba kwa ruleman za mshazari. Kabla ya kuiweka yoyote, unalitafuta bega nene kwa dole gumba na kwa macho, vyote viwili, na unalipaka rangi nyekundu kwa brashi. Rangi ndiyo inayokuongoza, si maandishi ya kiwanda. Kama zinakuja kwa jozi na zimechorwa alama ya V kwenye pete za nje, iunganishe V ile na usichanganye na ya jozi nyingine, hata ya kiwanda hicho hicho. Beatrisi nimempa kopo la rangi. Na kama umekosea, sema ukiwa bado na chai kikombeni. Najua ninavyosema.

Tulipofunga na kuwasha tena, ile pompe ilizunguka mchana wote ule na usiku. Nilikaa nayo mpaka jioni, turnevisi sikioni, mpaka Tata Ilunga akaninyang'anya turnevisi na kunipeleka nyumbani. Asubuhi maji yalikuwa yamerudi mahali pake. Shefu wa posti akatangaza kwamba kikosi kinaweza kushuka.

Niliwahi kwenye kaji kabla yao. Sikuwa nimelala sana. Mutombo alipokuja nilisimama mlangoni, nikamwambia angoje siku moja zaidi, tuisikilize vizuri, mota inaweza kuwa na jambo lake, na nyumba ya ruleman sijaipima mara ya mwisho. Niliongea sana. Wenzake sita walikuwa nyuma yake, wanasikia. Aliniacha nimalize.

"Shemeki, ile ya sasa ni weye njo uliitia?"

"Njo mi."

"Basi toka ku mulango. Tunachelewa."

Nikasogea, naye akaingia wa kwanza.